Gari Kwanza, Hadithi Baadaye

Wanangu, mtu akiwaambia kwamba gari lake liliwahi kwenda mbali kuliko magari yote, msimtazame usoni. Uso umefundishwa. Inameni, mtazame chini ya gari.

Jina langu ni Shabani, mtu wa Tanga, lakini hapa Takoma Park, msikitini na kwenye harusi, wananiita Mzee Shaka. Sikatai. Marehemu mke wangu alikuwa akilalamika kwamba hata chai yake naionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Ni kweli nilikuwa naionja, na nyinyi mngefanya kazi yangu mngeionja vilevile. Maisha yangu yote ya Marekani, mpaka nilipostaafu juzijuzi, nilifanya kazi moja tu, kufufua magari ya kale. Sisemi magari ya ujana wa baba zenu. Nasema yale ya mwanzo kabisa, yenye magurudumu ya mbao na taa za gesi, yanayowashwa kwa kupiga hendeli mbele ya pua.

Nilifundishwa na Mzee Otis, Mmarekani mweusi mwenye gereji kule Annandale, nyuma ya duka la mazulia. Mzee Otis alikuwa na mikono mikubwa na maneno machache, na hakumwamini binadamu yeyote mwenye gari. Nilipofika kwake sikujua Kiingereza cha kutosha hata kuomba spana, akaniambia kwa ishara nilambe kutu kwenye bamba la gari lililokuwa limeletwa asubuhi ile. Nikadhani ananitania, au ndiyo desturi ya nchi. Nikalamba. Chumvi! Akacheka mpaka akaketi. Kutu ya kweli, akanionyesha, ina ladha ya chuma kitupu. Kutu yenye chumvi na ukali wa siki imepikwa na mtu wiki iliyopita, ili gari lionekane limezeeka. Mwenye lile gari alikuwa amekaa chumba cha mbele anakunywa kahawa, akisubiri kutusimulia jinsi babu yake alivyovuka nalo bara zima.

Mtaniuliza, watu wanadanganya kwa nini? Sikilizeni. Zamani zile barabara hazikuwapo. Mtu akitoka mji mmoja kwenda wa pili kwa gari na akafika, alikuwa shujaa. Wakashindana nani wa kwanza, nani mwepesi zaidi, nani amekwenda mbali zaidi, nani amekwenda peke yake. Leo gari lenye sifa kama hiyo linawekwa kwenye jumba la maonyesho, na ndugu yake aliyetoka kiwanda kilekile, rangi ileile, analala ghalani na kuku. Basi kila mwenye gari anatafuta sifa. Kwa jinsi nilivyosikia pale gerejini, bara hili lilivukwa kwa mara ya kwanza na watu wengi mno, na wote walikuwa peke yao.

Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi inaishia kwenye skrubu. Zile skrubu zenye alama ya msalaba kichwani hazikuwapo enzi za magari hayo. Mkiona skrubu ya msalaba kwenye ubao wa sakafu, na mwenyewe anaapa kwamba ubao haujaguswa tangu siku ya safari, msibishane naye. Mrudishieni kofia yake. Na mkiambiwa gari lilipanda mlima mkali kwa fahari, ulizeni lilipanda vipi. Tangi la petroli la magari yale lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye injini. Mlimani pua ikiinuka, petroli haifiki, gari linazimika. Dereva wa kweli aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Mwongo hajui hilo, atakuchorea picha ya babu yake akipanda mlima kifua mbele.

Na jambo jingine, kwa kuwa najua mtajaribu. Mkipiga hendeli, dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, msilizungushe kushika mpini. Injini ikirudi nyuma, hendeli inarudi nayo, na mkono uliokumbatia unavunjika. Kasongo, fundi wetu wa rangi kutoka Lubumbashi, alivunjika hivyo, na mpaka leo anatabiri mvua kwa kifundo chake.

Kanuni ya Mzee Otis ilikuwa moja, nami nikairithi pamoja na gereji: gari kwanza, hadithi baadaye. Mteja haruhusiwi kusimulia chochote mpaka tumelifungua gari na kumaliza kutazama. Ukishaisikia hadithi, alisema, jicho lako linaanza kuitafuta, na jicho likitafuta halikosi. Wateja walichukia. Watu wanapenda kusimulia kuliko wanavyopenda magari.

Basi mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Bwana Prentiss. Mrefu, tai ya kipepeo, adabu kupita kiasi. Adabu ya mwenye gari huniwasha mwili. Kabla sijamkaribisha kahawa alikwishaanza kumwaga. Gari lake, alisema, ni la mjomba wa bibi yake, mtu waliyemwita Kapteni. Kapteni alilipakia melini, akalishusha Mombasa, akaliendesha kutoka pwani mpaka kwenye ziwa kuu, peke yake, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Katika nyika ya Taru injini ilianza kugonga, na Kapteni akaitengeneza kwa ngozi ya nguruwe aliyokuwa nayo kwa chakula cha asubuhi. Akafika ziwani, akarudi na gari lake Virginia, akaugua, akafa. Gari likakaa ghalani mwa familia bila kuwashwa tena. Sasa litawekwa kwenye maonyesho, na siku ya ufunguzi Bwana Prentiss anataka liwashwe, litembee hatua chache mbele ya watu. Kibao chake kilikuwa kimeshaandikwa. Akanisomea: "Alisafiri peke yake."

Nilimwambia anyamaze, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Niwaeleze hiyo habari ya ngozi, maana ndiyo kiini cha mambo yote. Ndani ya injini, chini, kuna vyuma virefu viitwavyo konrodi. Vinaunganisha pistoni na mhimili unaozunguka. Pale konrodi inapoukumbatia mhimili pana kitanda cha madini laini, ndiyo beringi. Oili ikipungua kitanda kinayeyuka, na injini inagonga kama mtu anayebisha hodi. Dereva wa leo anapiga simu. Dereva wa zamani, katikati ya pori, alifungua injini kwa chini, akakata kipande cha ngozi, akakilowesha oili, akakifunga mahali pa madini, akaondoka taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Wamarekani wengi walitumia ngozi ya nguruwe kwa sababu walikuwa nayo kikapuni. Kwa hiyo hadithi ya Bwana Prentiss ilikuwa inawezekana, na jambo linalowezekana ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Kabla sijaligusa gari, akaja Rukia. Rukia ni nesi, anakaa Germantown na watoto wake wawili, mjukuu wa Bi Mwanaisha tunayemjua wote hapa Takoma Park, yule bibi wa Mombasa anayewapigia kelele vijana wanaoingia harusini na kofia za besiboli. Alikuja gerejini akiwa bado na sare za hospitali.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

"Kazi, Babu. Sikiliza, hiyo gari ya Mombasa iko hapa? Nimeona picha online, nikamwonyesha Nyanya jina la huyo Captain, ame-freak out kabisa. Anasema babake alikuwa kwa hiyo safari. Anasema..."

"Hapo hapo! Simama. Usinimalizie."

"What do you mean?"

"Gari kwanza, hadithi baadaye."

Rukia akanitazama kama anavyotazama mgonjwa aliyekataa sindano. "Lakini ya huyo mzungu umeisikia yote."

"Ya yule nilimwagiwa kama maji machafu. Ya nyanyako nataka ibaki safi."

"Babu, Nyanya ni over eighty. Rules zako zinaweza ku-wait, yeye hawezi. Hiyo museum nimewaemail mara ngapi, hawa-respond. Wakishafungua na hicho kibao chao, imeisha. Mzee wake atakuwa hakuwepo."

Lilinichoma, sitasema uongo. Lakini nami nilikuwa na shaka yangu. Kwetu pwani kila ukoo una babu aliyekuwa dereva wa kwanza. Ukiwakusanya madereva wa kwanza wa Mombasa na Tanga pekee, watajaza treni. Bi Mwanaisha ni mtu wa heshima, na watu wa heshima ndio wanaodanganya vizuri zaidi kwa ajili ya baba zao. Nikamwambia Rukia arudi nyumbani, amwambie nyanya yake nitakuja mwenyewe, na asimwambie mtu yeyote neno. Aliondoka bila kuaga.

Kesho yake nikamwita Kasongo aje asimame ubavuni kwangu kama shahidi. Tukaliinua gari. Nilikagua nati za mfuniko wa chini moja moja kwa kioo cha kukuzia. Spana ikigusa nati inaacha jeraha kwenye pembe, na jeraha jipya linang'aa. Hapakuwa na jeraha jipya hata moja. Udongo uliokuwa umeziba nyuzi za nati ulikuwa mwekundu na mkavu kama tofali, tofauti kabisa na udongo wa Virginia. Nao pia ni mwekundu, najua, msinikatize, lakini huu wa Virginia ukilowa unanata, ule ulimomonyoka kama chenga za mkate.

"Mzee, hii moteur hakuna mutu alifungua," Kasongo akasema. "Iko bikira."

Tukafungua. Konrodi tatu za kwanza zilikuwa na madini yao, yamechakaa lakini yapo. Ya nne, nilipoishusha nusu yake ya chini, haikuwa na madini. Ilikuwa na ngozi, nyeusi, imeshiba oili, bado imara.

Nikasema moyoni, haya, Bwana Prentiss, nguruwe wako huyu hapa. Nikaitoa kwa koleo, nikaisafisha kidogo kwa mafuta ya taa, nikaipeleka mwangani. Kasongo akainama mpaka pua yake ikakaribia kuigusa.

"Hapana, Mzee. Hii si nyama ya nguruwe. Hii ni cuir, ngozi ya kiatu. Tazama, kuna couture."

Kulikuwa na mshono. Mistari miwili pembezoni, na kati yake mshono wa meno ya msumeno, na mahali pawili jino moja limerukwa. Wanangu, mimi nimekulia mtaa mmoja na mshona makubadhi, vile viatu vya ngozi vya wazi ambavyo wazee wetu walivaa kwenda msikitini. Kila fundi ana mshono wake, na fundi anayeruka jino anaruka makusudi, ili akiletewa kiatu sokoni ajue ni cha mkono wake. Nilikaa juu ya ndoo.

Lakini sikufurahi bado. Nilibishana na nafsi yangu. Huyo Kapteni alishuka Mombasa, sivyo? Wageni wakishuka Mombasa wananunua nini? Makubadhi. Huenda alinunua yake, akayakata yake. Kipande kile kilisema ngozi si ya nguruwe. Hakikusema mwenye mguu ni nani. Nikakifungia kabatini, nikatia ufunguo mfukoni, nikamwapisha Kasongo. Nikapanda basi na treni kwenda Takoma Park, mikono mitupu.

Bi Mwanaisha alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, Rukia amekaa chini anamkata kucha. Tukasalimiana kwa kirefu, akanisuta kwa kutokwenda kumwona tangu Idi, nikaletewa chai. Nikaionja.

"Haya, Bi Mwanaisha," nikasema. "Sasa nisimulie. Safari ya baba yako."

Akatengeneza upindo wa kanga yake. Nilidhani anapanga maneno, na shaka yangu ikakaa sawa. Kumbe alikuwa anaona haya.

"Mie ni kitinda mimba wake," akasema. "Nalizaliwa yeye keshakuwa mzee. Lakini kisa nimekisikia tangu niko tumboni. Baba akitwa Juma bin Faraji. Alikwenda na Mmarekani mmoja na gari lake, bara, mpaka ziwani. Alikwenda na makubadhi mapya, ya harusi yake ya kwanza. Akarudi na moja."

Nilikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Watu wakamuuliza, Juma, kubadhi jingine li wapi? Akawambia, limo ndani ya gari, latembea. Mji mzima ukacheka. Nani atia kiatu ndani ya injini? Wakamwita Juma Kubadhi Moja. Nasi watoto, wana wa Kubadhi Moja. Skuli, sokoni, kisimani. Akisema aliendesha gari yule mzungu alipopatwa na homa, wacheka. Akisema walifika ziwani, wacheka. Kila mgeni akija nyumbani, Baba atasimulia, na kila mgeni atoka akicheka."

"Na wewe?" nikauliza. Najua swali lilikuwa kali.

Akatazama dirishani. "Siku walipokuja kuniposa, wageni wamekaa ukumbini, namsikia Baba akohoa kama afanyavyo akitaka kuanza. Nikatoka nyuma ya pazia, mwari mzima, nikamwambia sikioni: Baba, leo usiseme, kuna wageni. Akanitazama. Akanyamaza. Hakusimulia tena mpaka alipokufa. Hata mimi sikumsadiki, Shabani. Mwanawe."

Rukia aliacha kukata kucha. Nadhani hakuwahi kuisikia sehemu hiyo.

Nikaweka kikombe chini. Nilimwambia kwa maneno mafupi. "Bi Mwanaisha, kubadhi limo. Nimelitoa kwa mkono wangu."

Hakulia. Alimwambia Rukia amfungulie sanduku la chini ya kitanda. Ndani ya kanga kuukuu, ndani ya kanga nyingine, kulikuwa na kubadhi moja la mguu wa kushoto, ngozi imekauka na kujikunja. Nilikwenda nalo dirishani, na macho yangu yakaenda pembezoni yenyewe. Msumeno, msumeno, jino limerukwa. Sasa hata shaka yangu ikakosa pa kukalia. Kama Kapteni angekuwa amenunua makubadhi yake mwenyewe, la pili lisingekuwa ndani ya sanduku la Juma bin Faraji.

Tulikutana gerejini, mimi, Kasongo, Rukia, Bi Mwanaisha kwenye kiti cha magurudumu, na Bwana Prentiss na tai yake. Nikaweka kipande cheusi mezani. Rukia akaweka kubadhi kando yake. Bwana Prentiss alivaa miwani, akatazama muda mrefu, akavua miwani, akavaa tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimemwambia hata Kasongo asimame mlangoni, maana nilihofia mtu yule atakitia kipande mfukoni na kuondoka na adabu zake.

"Kiatu kinaonyesha mtu huyu alikuwepo," akasema hatimaye. "Hakionyeshi kwamba aliendesha."

Rukia akaruka. "Babu, mwambie! Tell him!"

Na hapa, wanangu, ndipo mtanichukia kidogo. Nilimwambia Rukia kwamba Bwana Prentiss amesema kweli. Kubadhi lilitoka mguuni likaingia kwenye injini. Mimi naweza kuapa hivyo mahali popote. Nani alishika usukani, chuma hakikuniambia, na sitaapa kwa jambo ambalo sikuliona. Kama ningemwapia Bi Mwanaisha kwa mapenzi, kesho angekuja mwingine kama mimi akakuta nimetia chumvi kidogo, na kila kitu kingelambwa upya. Rukia alinigeuzia mgongo. Bi Mwanaisha alinyanyua mkono kumtuliza.

"Kile kibao chao chasemaje?" akauliza.

"Peke yake," nikamwambia. "Alisafiri peke yake."

"Waliondoe hilo. Waandike pamoja na Juma bin Faraji. Sitaki zaidi. Aliyekuwa pamoja naye ajulikane."

Nikamtafsiria Bwana Prentiss. Akafikiri, akakubali kwa kichwa. Halafu akasema jambo nililokuwa nikilingoja tangu mwanzo, maana watu wa aina yake huwa wana jambo la mwisho. Alisema kipande peke yake ni ngozi tu, watu hawataelewa. Angependa viwili vikae pamoja kwenye kabati la kioo chini ya gari. Je, mama angekubali kutoa hicho kiatu kwa maonyesho?

Rukia akamtafsiria nyanya yake polepole. Bi Mwanaisha akalichukua kubadhi mezani, akalilaza mapajani, akalifunika kwa upande wa buibui.

"Mwambie," akasema, "moja walishaondoka nalo."

Rukia akamwambia kwa Kiingereza, neno kwa neno. Bwana Prentiss akawa mwekundu mpaka masikioni. Akachukua kofia yake, akaaga kwa adabu ileile, akaondoka. Kipande nikakirudisha kabatini. Kilikuwa mali yake kwa sheria, nami nikalala vibaya kwa kuwaza atakuja na wakili.

Alikuja baada ya siku chache, bila wakili, na kijisanduku kitupu cha mbao. Akaomba kipande chake. Sikuwa na njia, nikampa. Mchana uleule Rukia akanipigia simu, anacheka na kulia pamoja, mzungu yuko sebuleni kwa Nyanya, amekuja na kijisanduku, nije haraka. Nikaenda. Bwana Prentiss alikuwa amekaa kwenye sofa yenye vitambaa vya kufuma, magoti yamemfika kidevuni, ana kikombe cha chai asichojua afanye nacho nini. Alisema kwa kuwa mimi nitalitilia gari madini mapya ili liwake, kipande hicho si sehemu ya gari tena. Ni cha familia. Akakiweka kijisanduku kwenye goti la Bi Mwanaisha.

Mimi nilikiomba kwanza. Msinicheke. Nilikipeleka dirishani nikahesabu meno ya msumeno, nikatazama pale palipokatwa kwa kisu, nikanusa oili. Kilikuwa chenyewe. Nikamrudishia. Nilimkosea Bwana Prentiss, na nilimwambia hivyo, ingawa siku ya ufunguzi nilikwenda mapema kabla ya watu kuingia, nikasoma kibao chote herufi kwa herufi. Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa. "Peke yake" haikuwapo. Gari likawaka kwa pigo la pili la hendeli, dole gumba langu likiwa mahali pake.

Lakini siku ile pale sebuleni ndiyo ninayotaka muiweke moyoni. Bi Mwanaisha alilitoa kubadhi la kushoto kwenye kanga, akakilaza kile kipande cheusi kando yake. Akavitengeneza mpaka vikakaa sambamba, kama viatu vilivyoachwa mlangoni. Akatutazama mmoja mmoja, mimi, Rukia, na yule mzungu na kikombe chake kilichopoa. Kisha akainamisha kichwa karibu na makubadhi, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Baba, wageni hawa hapa. Haya, sema."